SI KILA NDEGE WA SHAMBANI NI MWIZI

Ikiwa wewe ni mkulima wa mtama, uwele, ngano au mpunga, au ikiwa wewe ni karani wa mjini ambaye mke wake au wazee wake wamebaki nyumbani wakilima, habari hizi zakuhusu. Ni habari za ndege wadogo wenye rangi nzuri na sauti nzuri ambao tunaishi nao katika nyika zetu, na ambao aghalabu twawahukumu bila kuwajua.

Nilikwenda likizo nyumbani Kitui wakati punje za mtama zilipokuwa bado zina maziwa. Asubuhi ya pili nilikwenda shambani kumwamkia mjomba wangu. Nilimkuta ameketi juu ya dungu, na chini yake wamesimama watoto wawili wenye makombeo. Siku ile ilikuwa Jumanne, siku ya masomo, lakini watoto hawakwenda shule kwa sababu ya kazi ya kuamia ndege. Penye mti wa kuingilia shambani palikuwa pamefungwa ndege aliyekufa, ananing'inia kwa uzi, ili wenziwe wamwone waogope. Nilipomtazama nilimtambua mara moja. Alikuwa kwenzi.

"Mjomba," nikasema, "huyu amekosa nini?"

"Amekamatwa shambani, mpwa wangu. Aingiaye shambani mwangu bila jembe ni mwizi."

Nikamwomba ruhusa tumfungue yule ndege tutazame alichokula. Mjomba akacheka, lakini akanipa kisu. Katika firigisi tukaona vichwa vya mchwa, miguu ya panzi, na kokwa chache za matunda ya porini. Punje ya mtama haikuwamo hata moja. Mjomba alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi tumemwua mlinzi, tukamwacha mwizi."

Neno hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

KWENZI NA MWETHYA WAKE

Kwenzi ninayemsema ni yule ambaye kila mtu wa nchi kavu amemwona, kuanzia Ethiopia na Somalia hadi Tanzania. Kichwa chake ni cheusi, mgongo na kifua vyang'aa buluu na kijani, tumbo ni la rangi ya kutu, na kati ya kifua na tumbo pana mstari mweupe mwembamba. Jicho lake ni jeupe. Ukimwona mwenye jicho jeusi, jua ya kuwa huyo bado ni mtoto.

Buluu yake ina ajabu. Ukiuchukua unyoya wake ukausaga, hutapata unga wa buluu, bali utapata unga wa giza tu. Rangi ile haikutiwa katika unyoya kama rangi itiwavyo katika nguo. Ndani ya unyoya zimo chembe nyeusi ndogo mno zilizopangwa tabaka, nazo huurudisha mwanga wa jua kwa namna inayotufanya tuone buluu na kijani, kama tuonavyo rangi nyingi katika tone la mafuta ya taa lililoelea juu ya maji.

Chakula chake hukitafuta chini, akitembea na kurukaruka kati ya nyasi. Wadudu ndio chakula chake kikuu, na matunda madogo ya porini huyaongeza. Kwa hiyo akionekana katika mtama, mara nyingi amemfuata panzi.

Hata hivyo jambo kubwa zaidi la kwenzi ni namna alivyo na wenzake. Ng'ambo ya Mlima Kenya, katika Laikipia, kipo kituo cha utafiti cha Mpala. Huko Bwana Dustin Rubenstein wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, pamoja na wenzake, wamewachunguza kwenzi hawa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ndege huvishwa pete za rangi miguuni ili kila mmoja ajulikane, na kila kiota huandikwa ni nani amekuja na chakula. Kwa muda wa miaka 20, yaani majira 40 ya kuzaa, kwa kuwa kwenzi huzaa wakati wa masika na tena wakati wa vuli, waliandika mambo yote hayo katika vitabu vyao. Matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 2025.

Waliona ya kuwa kwenzi hukaa katika makundi, na ndani ya kundi moja jozi kadhaa hutaga. Waliobaki hawakai bure, bali huwapelekea makinda wa wenzao wadudu na kusaidia kukilinda kiota. Tena hawawasaidii ndugu zao wa damu tu, bali hata mgeni aliyejiunga na kundi husaidiwa. Na yule aliyesaidiwa mwaka huu, mwaka mwingine humsaidia yule aliyemsaidia. Sisi watu wa Ukambani twaijua desturi hiyo, nasi twaiita mwethya. Leo twalima kwako, kesho twalima kwangu.

Kwa nini kwenzi afanye hivyo? Wataalamu walipoilinganisha jamii nzima ya kwenzi wa Afrika, waliona ya kuwa wale wa nyika, ambako mvua haina hakika, ndio waleao watoto kwa ushirika zaidi kuliko wale wa msituni. Nchi ambayo mwaka huu hunyesha na mwaka ujao hukauka haimpi nafasi mtu wa peke yake. Mkulima wa Kitui hana haja ya kuelezwa zaidi.

Kadhalika kwenzi ni mlinzi wa wengine. Huko Amboseli, Bwana Robert Seyfarth na Bibi Dorothy Cheney, ambao waliwachunguza tumbili kwa miaka mingi tangu mwaka wa 1977, waliona ya kuwa kwenzi ana mlio mmoja wa kuonya juu ya adui wa angani, kama mwewe au tai, na mlio mwingine wa kuonya juu ya adui wa nchi kavu. Tumbili wameijifunza milio hiyo. Wakiusikia ule wa kwanza hutazama juu, na wakiusikia wa pili hukimbilia mitini. Mnyama ametambua lugha ya ndege, na sisi wenye akili twamtundika kwa uzi.

MNANA, FUNDI WA KUSUKA

Wa pili ni mnana. Wako wa namna nyingi, lakini yule ajulikanaye sana vijijini, kuanzia upande wa Ziwa Victoria hadi pwani, ni wa rangi ya manjano mwenye kichwa cheusi. Hupenda kujenga mjini mwa watu au karibu na maji, na mti mmoja huweza kuwa na viota vingi sana, na kelele zake husikika mbali.

Anayejenga ni dume. Huuma ukingo wa jani la mnazi, la mgomba au la tete, kisha huruka nalo, na jani hupasuka likawa utepe mrefu. Kwanza hufunga pete ya nyasi katika tawi na kusimama ndani yake. Kisha husuka chumba cha mbele, na nyuma yake husuka mlango unaotazama chini, ili adui asiingie kwa urahisi. Kazi yote hufanywa kwa mdomo na miguu tu, na fundo lake hushika kweli kweli.

Kiota kikiisha kusukwa, dume hujining'iniza chini ya mlango, akapigapiga mabawa yake ya manjano na kuimba, kumwita jike. Jike huja, huingia ndani, huvuta nyuzi moja moja kama mnunuzi anayejaribu mkeka sokoni. Akiridhika, hutandika ndani nyasi laini na kutaga. Asiporidhika, huenda zake. Kiota kikikaa bila mtu hadi majani yake ya kijani yakakauka, dume mwenyewe hukibomoa na kuanza upya mahali pale pale. Dume mchanga mara ya kwanza hufanya kazi mbaya, nyuzi hutokeza kila upande, lakini kwa kurudia rudia hujifunza. Si kweli basi kwamba ndege huzaliwa na ufundi wote. Naye pia hupitia darasani.

Mayai ya mnana nayo yana maana yake. Jike mmoja hutaga meupe, mwingine ya buluu, mwingine yenye madoa, na kila mmoja hushika namna yake. Sababu ni ndege aitwaye kekeo, ambaye hajengi kiota, bali hutaga katika viota vya wengine. Yai la kekeo lisipofanana na ya mwenye nyumba, mnana hulitambua na kulitupa nje.

Sitaki kumtetea mnana kupita kiasi. Nafaka hula, na majani ya mahindi huyapasua. Lakini makinda wake huwalisha wadudu, na hasara yake kwa kawaida ni ya mahali padogo. Yeye ni jirani anayeomba chumvi mara nyingi, si jambazi.

FUMBWE, MWENYE MKIA MREFU

Wa tatu ni fumbwe. Wakati wa mvua dume wake huota mkia mrefu mweusi kuliko mwili wake mwenyewe, kifua chake kikawa cha rangi ya manjano na ya kutu, naye huruka juu ya nyika kama mtu aliyevaa joho la sherehe. Majira yakiisha, mkia huanguka, akawa wa rangi ya udongo kama shomoro, hata humtambui tena.

Fumbwe naye hajengi. Jike wake hutaga katika kiota cha ndege mwingine mdogo wa nyika, mwenye mabawa ya kijani na uso mwekundu. Lakini kinda wa fumbwe hawatupi nje watoto wa mwenye nyumba. Hukua pamoja nao. Kinywa chake ndani kina alama zinazofanana na za wale wenyeji, na mlezi huona kinywa kilichofunguka akakilisha. Na kwa kuwa dume hulelewa nyumbani humo, hujifunza wimbo wa baba mlezi. Akiwa mkubwa huuimba wimbo huo huo, na jike wa fumbwe aliyelelewa katika nyumba ya namna ile hutambua kwa sauti kwamba huyu ndiye mwenzake.

Chakula chake ni mbegu ndogo za majani, ambazo huzifukua mchangani. Kwa mkulima si rafiki mkubwa, wala si adui.

KWELEA, MWIZI MWENYEWE

Sasa tumfikie mwizi. Jina lake ni kwelea. Ni mdogo kama shomoro, mdomo wake ni mwekundu, na dume wakati wa kuzaa huwa na uso mweusi uliozungukwa na rangi ya waridi au ya manjano. Jike ana mistari ya rangi ya udongo, na wakati wa kuzaa mdomo wake hugeuka manjano. Ukimwona mmoja utasema ni ndege mzuri asiye na hatia. Lakini kwelea haendi mmoja. Wataalamu wamhesabu kuwa ndiye ndege wa porini aliye na wingi kuliko wote duniani.

Hapa ndipo mithali yetu ya haba na haba hujaza kibaba inapopata maana ya kutisha. Kwelea mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi, naye kwa siku hula mbegu za gramu 10 hivi. Kundi la ndege milioni moja, basi, huhitaji kilo 10,000 kwa siku, yaani magunia 110 na zaidi ya kilo 90 kila moja. Na yako makundi yanayopita milioni moja.

Kwelea hapendi nafaka kuliko vyote. Mbegu za majani ya porini ndizo chakula chake cha asili. Mvua zinapoanza, mbegu zilizolala ardhini huchipuka, na chakula chake hutoweka mara moja. Hapo huondoka kwa makundi na kuruka mbali hadi nchi ambayo mvua ilitangulia kunyesha na majani yamekwisha zaa upya. Akipata majani mengi hutulia na kuzaa haraka. Mayai huanguliwa kwa siku 10 hadi 12, na baada ya wiki mbili hivi makinda huanza kuruka. Lakini ukame ukizuia majani yasizae, au mbegu zikiisha, shamba la mtu ndilo linalobaki mezani. Ngano, mpunga, mtama na uwele huvamiwa. Mahindi kwa kawaida huyaacha, kwa kuwa punje zake ni kubwa na zimefunikwa.

Jambo hilo lilionekana Kisumu mwezi wa Januari mwaka wa 2023. Baada ya ukame mrefu, kwelea walivamia mashamba ya mpunga, na habari zilizotolewa wakati ule zilisema kwamba ekari 300 hivi zilikuwa zimekwisha haribiwa. Serikali ikaanza kupiga dawa ili kuua mamilioni ya ndege hao.

DAWA HAIULIZI JINA

Dawa itumikayo sana kwa kazi hiyo yaitwa fenthion. Hupigwa jioni mahali ndege wanapolala, kwa ndege za angani au kwa mitambo ya chini. Simlaumu mkulima aliyepoteza chakula cha mwaka mzima akaililia dawa hiyo. Mtu mwenye watoto wenye njaa hawezi kungoja mashauri.

Lakini dawa hiyo haiulizi jina la anayelala mtini. Kwenzi akilala pale, hufa. Mnana na fumbwe hufa. Kwelea waliopigwa dawa huanguka chini wakitapatapa, na tai, mwewe na kongoti huja kuwala, nao hufa kwa sumu ile ile. Watu pia huokota ndege hao wakafanya kitoweo, na hilo ni hatari kubwa. Kisha msimu ufuatao panzi na viwavi huja shambani, na walinzi waliokuwa wakiwala hawapo tena.

Mbaya zaidi ni sumu ya kienyeji, yaani mtu kununua dawa ya wadudu dukani akaichanganya na nafaka au maji akawategea ndege. Kwa njia hiyo kwelea wachache hufa, na ndege wengi wasio na kosa, na kuku wa jirani, na pengine mtoto wa mtu.

LA KUFANYA

Yafaa kwanza kumjua ndege kabla ya kumwua. Mfundishe mwanao, kwa maana yeye ndiye ashikaye kombeo. Ndege wa buluu atembeaye chini kati ya nyasi, mwache. Wingu la ndege wadogo wenye midomo myekundu linalozunguka na kutua kwa pamoja, hilo ndilo la kupigia madebe.

Pili, palilia shamba lako vizuri. Majani yenye mbegu kati ya mtama ndiyo yamwitayo kwelea kwanza, na akiisha kuzoea mahali, huonja na mtama.

Tatu, pandeni kwa wakati mmoja, wewe na majirani zako, tena mbegu ya kukomaa mapema. Anayepanda peke yake akachelewa huwa amewaandalia ndege wa kata nzima. Na mtama ukikomaa, uvune; usiuache kusimama shambani ukingoja siku ya nafasi.

Nne, mwonapo mahali kwelea wanapolala au wanapojenga, mpelekeeni habari afisa wa kilimo mapema, kabla makinda hawajaruka. Penye kundi moja linalojulikana mahali pake, kazi ni ndogo na madhara kwa wengine ni machache. Wenzetu wa Kondoa, Tanzania, wana desturi ya kuwakamata kwelea kwa mitego na nyavu wakawafanya kitoweo na biashara. Ndege aliyekamatwa kwa wavu hana sumu, tena kwenzi aliyenaswa huweza kufunguliwa aende zake.

Mwisho, kazi ya kuamia ndege igawanywe kwa zamu baina ya watu wazima wa mashamba ya karibu. Kwenzi wa Laikipia waweza kulea watoto wa wenzao kwa zamu. Sisi tutashindwaje kulinda mtama wa wenzetu kwa zamu? Mtoto aliyekaa shambani wiki nne akitupa mawe amepoteza wiki nne za shule, na hasara hiyo haiwezi kurudishwa kama gunia la mtama.

Kabla ya likizo yangu kwisha nilipita tena kwa mjomba. Yule kwenzi aliyetundikwa alikuwa ameondolewa. Juu ya dungu alikuwapo jirani yake, mzee kama yeye, na mjomba mwenyewe alikuwa chini ya mti akila uji, akingoja zamu yake. Watoto hawakuwapo. Nilipouliza habari zao, mjomba alinyosha mkono upande wa shule. Mbele yetu, kando ya mtama, kwenzi sita walikuwa wakitembea katika nyasi wakiokota panzi, na hakuna aliyewatupia jiwe.